Bawabu au Mlezi? Mjadala wa Nangara juu ya Bodi ya Filamu

MTENGENEZA FILAMU: Neno langu la kwanza, Bwana Afisa, nalisema kwa heshima ya kiti chako. Mtu atakaye kutengeneza filamu katika nchi hii huijua serikali kwa mlango wake kabla hajaijua kwa ukarimu wake. Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, inamkataza mtu ye yote kupiga filamu pasipo kibali. Mswada wangu husomwa, ada yangu hupokewa, na kazi ikiisha hukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Hayo yote nayatii, wala sikuja kuyalalamikia. Walakini tangu nilipoanza kazi hii hapa Nangara, mjini Babati, huu mwaka wa sita, haijapata kutokea siku moja ambapo wanaoniuliza kibali waliniuliza pia kama waigizaji wangu wamekula, au kama kamera niliyo nayo ni yangu au ya kuazima. Bawabu ninaye, tena ni hodari wa kazi yake. Mlezi ndiye nisiyemwona.

AFISA UTAMADUNI: Binti yangu, bawabu si mtu wa kudharauliwa, kwa kuwa nyumba isiyo naye huingiwa na kila mpita njia, na nyumba yetu iliwahi kuingiwa. Baina ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliweka makao yao Vugiri katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35 za kutufundisha sisi, watu wazima wenye mashamba na wajukuu, namna ya kuweka akiba posta na namna ya kujikinga na safura, kisha wakazipakia katika lori na kuzitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda, na hata Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini ikaja "Muhogo Mchungu", iliyotengenezwa kwa mkono wa kampuni ya Afrika Kusini. Kijana aliyeigiza humo, Rashidi Mfaume Kawawa, aliingia mwaka 1962 katika kiti cha Waziri Mkuu wa Tanganyika. Tazama basi: mtu aliyefaa kuongoza taifa zima hakuwa na neno la mwisho juu ya sura yake mwenyewe ndani ya filamu. Kibali unachokiona kizito ni taifa kusema kwamba sura hii ina wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo Bunge liliibadili sheria mwaka 2019, ili kampuni za kigeni zinazokuja kupiga filamu huku kwetu zikabidhi nakala ya picha zao ghafi.

MZEE WA KIGOROWA: Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa, au kumi, gari la sinema la serikali lilipofika Babati. Shuka jeupe lilitandazwa baina ya miti miwili, mashine ikanguruma nyuma yetu, na wadudu wa usiku wakajaa ndani ya mwanga hata nyuso za watu wa pichani zikawa kama zimeota ndui. Sauti iliyokuwa ikieleza ilisema Kiswahili. Bibi yangu mzaa baba, ambaye hakujua lugha nyingine ila Kigorowa, alinishika bega akaniuliza, "Anasema nini huyo?" Nikamwambia asema tuchimbe makinga maji mashambani. Akatazama tena kitambo, akaniuliza, "Na hao wenyewe, mbona hawasemi?" Swali lile nimekaa nalo zaidi ya miaka sabini. Leo wageni wenye kamera hawakomi kwenda Yaeda Chini kuwapiga picha Wahadzabe, na filamu hizo hutazamwa kote, illa Yaeda Chini. Sasa ninyi mnashindana habari ya bawabu na mlezi. Mimi nauliza kwanza huyo atakayelelewa ataruhusiwa kusema kwa ulimi wa nani.

AFISA UTAMADUNI: Mzee wangu, swali lako lina uzito, nami silikwepi. Redio na televisheni za nchi hii hupewa leseni zitangaze kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na waliopanga hivyo walikuwa na hofu ya haki: makabila zaidi ya mia moja na ishirini, taifa changa, na jirani zetu wengine walioona redio ya lugha moja ikigeuka kuwa panga. Lakini filamu si redio. Hakuna amkatazaye binti huyu kupiga filamu yenye mazungumzo ya Kigorowa na maandishi ya Kiswahili chini yake. Haya ya kulinda lugha ndogo ndiyo aula kwa bodi ya mkoa kuliko kwa Bodi iliyoko Dar es Salaam.

MTENGENEZA FILAMU: Umeitaja mwenyewe bodi ya mkoa, nami nashukuru, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Sheria ile ile ya 1976 iliyounda Bodi Kuu iliagiza ziwepo bodi za mikoa na za wilaya. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002, ulipomegwa kutoka Arusha, na makao yake yakawekwa hapa Babati; maadamu ofisi za mkoa ziko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, yaipasa bodi hiyo inijue kwa jina. Nikiitafuta naiona katika shughuli moja tu, nayo ni kukagua. Hebu nieleze kazi ilivyo. Mwezi wa Februari nilitaka picha moja ya alfajiri kandokando ya Ziwa Babati: mwanamke anapara perege juu ya ubao, mtumbwi wa mumewe unakaribia, na jua linachungulia nyuma ya Mlima Kwaraa. Picha hiyo ni ya dakika moja, nami niliitafuta kwa siku nne. Kamera ilikuwa ya mpiga picha wa harusi, aliyeniachia Jumatatu kwa sharti niirejeshe Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ana bibi harusi. Sauti nilirekodi kwa simu niliyoivisha soksi ili upepo wa ziwa usiingie. Siku ya kwanza kulikuwa na ukungu. Ya pili viboko walikuwa karibu mno na wavuvi wakakataa kushusha mtumbwi. Ya tatu tulipata kila kitu, na bodaboda ikapita nyuma ikipiga honi. Siku ya nne betri ilikufa jua likiwa nusu. Nusu ile ndiyo niliyo nayo. Sitaki mamilioni, Bwana Afisa. Kamera moja ya mkoa inayoazimwa kwa daftari, maikrofoni mbili, taa mbili, na chumba chenye umeme na kompyuta ya kuunganishia picha: je, hivyo ni vingi kwa mkoa wenye Tarangire ndani yake?

MWENYE BANDA LA VIDEO: Niruhusuni nami, ijapo sina elimu ya sheria. Ninayo mabenchi, televisheni kubwa, king'amuzi na deki, na watu huliita banda langu kibandaumiza kwa sababu waijua migongo yao inavyotoka humo. Nimewaonyesha watu filamu tangu enzi za kaseti. Filamu ya "Girlfriend" ilipotoka mwaka 2003 hatukujua kama kuna bodi wala mfuko. Tulijua tu kwamba kuna Watanzania wanaopendana na kugombana kwa Kiswahili ndani ya kioo, na banda likajaa. Alipofariki Steven Kanumba, tarehe 7 Aprili 2012, watu walitaka Kanumba peke yake usiku na mchana, na kina mama ambao hawajapata kukanyaga banda langu waliingia wakakaa sakafuni wakilia. Ni ofisi gani iliyomlea Kanumba? Alilelewa na mia tano tano za watu hawa. Mimi nachelea kwamba serikali ikishaingia kulea, mtoto ataacha kuwapendeza watu, atawapendeza walezi.

MTENGENEZA FILAMU: Kaka yangu, umesema nusu ya kisa, nayo ni nusu tamu. Nusu ya pili ni kwamba waliotengeneza filamu zile waliuza haki zao zote kwa wasambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, wakala fedha hiyo mwezi mmoja, na filamu ikaendelea kumtajirisha mwingine miaka kumi. Kisha diski zikanakiliwa usiku kucha, na stempu za kodi zilipoletwa mwaka 2013 zilimkuta mgonjwa amekwisha dhoofika. Wewe mwenyewe bandani mwako siku hizi unaonyesha nini?

MWENYE BANDA LA VIDEO: Mpira wa Uingereza, na filamu za Kihindi na Kikorea zilizotafsiriwa.

MTENGENEZA FILAMU: Basi huyo aliyelelewa na mia tano yuko wapi? Alikua upesi, akaanguka upesi, kwa sababu hapakuwa na wa kumfundisha mkataba wala wa kumhifadhia nakala. Na lipo jambo lingine, ambalo sijapata kulisema hadharani. Mtu asipopata muawana nyumbani huupata kwa jirani, na jirani wa watengenezaji wa Manyara ni mhisani wa kutoka mbali. Nilimpelekea mmoja mswada wangu wa mjane wa mvuvi. Aliusoma, akausifu, kisha akaniuliza kwa upole kama singeweza kuandika juu ya ukeketaji, maana kwa hilo fungu la fedha lilikuwapo. Sikukasirika, wala siwezi kusema kwamba jambo hilo si letu: utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa huu wanawake 58 katika kila mia walikuwa wamekeketwa, hesabu kubwa kupita ya mkoa mwingine wo wote, na mama yangu mkubwa ni mmoja wao. Filamu hiyo ipigwe, tena ipigwe vyema. Lakini je, Manyara itaonekana katika kioo kwa jeraha lake tu? Hatuna mapenzi, hatuna ujanja, hatuna mvuvi anayemdanganya mkewe akajuta? Anayelipa ndiye anayechagua kisa. Na kwa kuwa mkoa haulipi, visa vyetu vimechaguliwa na watu wasioujua mlima Kwaraa uko upande gani.



AFISA UTAMADUNI: Umenichoma, binti, nami nitakujibu kwa insafu. Usidhani serikali haikujaribu ulezi. Mwaka 1968 ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, mali ya umma, nayo ikashika uingizaji na usambazaji wa filamu nchini. Katika miaka ya sabini ikatoa "Fimbo ya Mnyonge" juu ya siasa ya ujamaa, na mwaka 1985 ikashiriki katika "Arusi ya Mariamu", kisa cha mwanamke mgonjwa anayeogopa kwenda kwa mganga wa jadi, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na ambayo mpaka leo wenye ujuzi huitaja. Yule alikuwa mlezi hasa: alikuwa na mashine, mafundi na mishahara. Akafa. Alikufa kwa sababu riziki yake yote ilitoka katika hazina, na hazina ilipokauka naye akakauka, ilhali hapakuwa na mwingine aliyeachiwa nafasi ya kukua. Kwa hiyo leo tunakwenda taratibu. Uko Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kupitia mabenki. Liko Tamasha la Filamu la Bodi tangu mwaka 2021, ambalo limekwisha fika Mbeya na Arusha. Na mwaka 2022 ulimwengu uliiona filamu ya "Royal Tour", Rais mwenyewe akimwongoza mgeni katika mbuga na visiwa vyetu. Ni lini ulipata kuona dola ikiiheshimu kamera kwa kiasi hicho?

MTENGENEZA FILAMU: "Royal Tour" ilifanya kazi yake, nayo ilikuwa kuwaita wageni. Wazungu wamekwisha tuonyesha zamani kwamba kamera huita watu: "Hatari!" ya mwaka 1962 ilipigwa huku kaskazini, na filamu ya Grzimek juu ya Serengeti ya mwaka 1959 ilizifungua hazina za Ujerumani kwa ajili ya wanyama wetu. Simba na twiga wamelelewa vizuri na filamu, Bwana Afisa. Nasema habari ya watu. Na huo mkopo, mkopo hurejeshwa kwa tarehe, na filamu ya mtu wa Nangara haina soko linalojua tarehe. Muuza mitumba akopeshwe. Msanii wa kwanza kabisa, anayejaribu kuona kama anaweza, huyo hukopeshwa nini cha kurejesha?

AFISA UTAMADUNI: Basi nionyeshe fedha isiyokopwa na isiyotoka katika bajeti ya zahanati.

MTENGENEZA FILAMU: Iko, na wengine wameitumia. Ufaransa iliunda taasisi yake ya sinema mwaka 1946, na chakula chake kikawa ni sehemu ya bei ya kila tikiti, iwe filamu ya Kifaransa au ya Kimarekani. Filamu ya mgeni inamlisha mtoto wa nyumbani. Wala si lazima twende Ulaya. Upper Volta, ndiyo Burkina Faso ya leo, nchi kame isiyo na bahari, iliyataifisha majumba yake ya sinema mwaka 1970 na kutenga fungu la tikiti kwa ajili ya filamu zao wenyewe, na Ouagadougou ikawa Makka ya sinema ya Afrika. Kila mpira wa Uingereza unaoonyeshwa Babati, kila filamu ya Kihindi, itoe kidogo.

MWENYE BANDA LA VIDEO: Itoe nani? Sema jina langu, usiogope. Ninalipa leseni, ninalipa king'amuzi, ninalipa umeme unaokatika dakika ya themanini na watu wakadai fedha zao. Kiingilio ni shilingi mia tano, na wako vijana wanaonipa mia tatu na kusema nyingine kesho. Huko Ufaransa tikiti hununuliwa na mtu aliyekwisha shiba. Wewe dada yangu unataka mnyonge wa benchi amlishe msanii, kisha msanii atoe filamu ambayo mnyonge yule haipendi, maana wewe mwenyewe umesema kisa chako hakina soko.

MTENGENEZA FILAMU: Shilingi ishirini katika mia tano.

MWENYE BANDA LA VIDEO: Ishirini ni nyingi kwa mtu anayelala na mia. Na nikishatoa, nitaletewa filamu hiyo bandani kwangu kwanza, kabla ya Arusha na Toronto? Nasikia "Vuta N'kuvute" ilionyeshwa Toronto mwaka 2021. Hapa kwetu nani kaiona? Niahidini hilo kwa maandishi, filamu iliyolishwa na banda ianze katika banda, ndipo tuzungumze habari ya ishirini.

AFISA UTAMADUNI: Hilo ni sharti la haki, nami nitalichukua. Lakini sasa ni zamu yangu kuuliza, binti, na swali langu ndilo litakalopima maneno yote haya. Wenzetu wa Kenya waliona tatizo la bawabu na mlezi kuwa mtu mmoja, wakaanzisha Tume ya Filamu mwaka 2005 imlee mtengenezaji, na bodi ya ukaguzi ikabaki chombo cha peke yake. Sisi tumeviweka vyote chini ya dari moja, na mimi hapa mkoani ni yule yule asomaye mswada na ambaye wewe wataka akupe kamera. Fedha ya umma ni amana. Nimeusoma mswada wako wa mjane. Katika ukurasa wa 32 mwenyekiti wa mtaa anapokea bahasha kutoka kwa shemeji za mjane, kisha anagonga mhuri kwenye karatasi inayompokonya kiwanja. Waniambia niichukue kamera ya serikali, niitie katika daftari, nikukabidhi, ukaichafulie serikali sura?

MTENGENEZA FILAMU: Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Nani aliyezitunga? Serikali. Mwenyekiti wa mswada wangu anaivunja sheria ya serikali. Mimi na wewe, nani anayeitetea dola hapo?

AFISA UTAMADUNI: Hoja yako ni kali mahakamani, lakini mimi sikai mahakamani, nakaa katika ofisi ambayo wenyeviti wa mitaa huja kunisalimu. Mhisani wa kigeni alikuambia ubadili kisa, ukamwona dhalimu. Nami nikikuambia ubadili ukurasa mmoja tu, utaniitaje?

MTENGENEZA FILAMU: Nitakuita jina lile lile.

MZEE WA KIGOROWA: Ngojeni. Mnagombana juu ya mwenyekiti, kumbe katika kisa hicho mwenyekiti ni mpokeaji. Watoaji ni shemeji. Ni sisi. Mimi sijausoma mswada huo, walakini nimeujua kwa kusikia, maana kwa mila zetu kiwanja cha marehemu hakitoki katika ukoo, na mjane hukaa kwa hisani ya ndugu za mumewe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyotenda. Niliomba filamu ya Kigorowa, nikiwaza ngoma, na maneno ya wazee, na maziko yetu yalivyokuwa. Sikuwaza ukurasa wa 32. Huyo mjane, katika filamu yako, anasema kwa lugha gani?

MTENGENEZA FILAMU: Mbele ya mwenyekiti anasema Kiswahili, Mzee wangu. Akiwa peke yake na shemeji zake anasema Kigorowa.

MZEE WA KIGOROWA: Na wao wanamjibu?

MTENGENEZA FILAMU: Hawamjibu.

AFISA UTAMADUNI: Mzee, wewe una heshima katika mtaa huu kunizidi mimi na ofisi yangu. Mwambie basi aupunguze ukurasa huo, nami kesho hii hii nitaandika barua kwa Bodi kuomba hivyo vifaa viletwe mkoani, na jina lake litakuwa la kwanza katika daftari. Ni ukurasa mmoja katika kurasa 90.

MTENGENEZA FILAMU: Utoe huo, na 89 zilizobaki zitakuwa habari ya mwanamke anayepara samaki.

MZEE WA KIGOROWA: Sitamwambia apunguze, wala sitamwambia auache. Nyumbani kwangu yuko mkazamwanangu, mwaka wa tatu sasa tangu nimzike mwanangu, na karatasi ya kiwanja chake iko ndani ya sanduku langu. Njoo Jumapili, binti. Ulete ukurasa huo, uusome kwa Kigorowa, yeye akiwapo.

AFISA UTAMADUNI: Nitakuja nami kusikiliza. Lakini barua sijaiandika.